Wigi Kwenye Feni

Haya, tulishusheni wigi.

Wiki nzima liko juu ya feni, msomaji, na wewe umelala usingizi wako, ukaamka, ukanywa chai yako, bila hata kumhurumia mwenye nalo. Mimi sikulala. Wapo walionisimamisha njiani wakitaka kujua kama lilikatika vipande. Halikukatika. Lile wigi ni la gharama, na vitu vya gharama hufa kwa shida.

Kwa uliyefungua gazeti leo kwa mara ya kwanza, karibu, jibanze hapo pembeni nikueleze upesi. Kaza ni msusi. Jina hilo alipewa na wateja wake, na kila aliyekaa kwenye kiti chake anajua sababu. Kwa Kaza, mteja akiinuka akaweza kukunja uso, kazi haijaisha. Hurudishwa kitini akaongezewa. Mlangoni kaandika kwa rangi nyekundu UZURI HAUJI BURE, na kwenye droo ana vidonge vya maumivu ambavyo huvigawa kama peremende. Watu hutoka mitaa ya mbali kuja kuumizwa, na wakiumia wanasifia.

Kaza ana mchumba. Ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara, kijana mpole asiyevua kofia hata jua likiwaka vipi. Kinyozi huyu amelelewa na shangazi yake, na katika ukoo wao neno la Shangazi likishatoka halina rufaa. Jumamosi wanakaa kikao. Shangazi akisema ndiyo, ndoa ipo. Akisema hapana, Kaza atafute kinyozi mwingine.

Na Kaza ana siri. Chini ya wigi linalofika kiunoni hakuna kitu. Sikusema hakuna kichwa. Nimesema hakuna kitu. Miaka ya kujikaza mwenyewe, dawa kali juu ya dawa kali, gundi kila asubuhi, vimemla nywele kuanzia paji la uso hadi nyuma ya masikio. Zimebaki za katikati, kichaka kidogo kinachojishikilia kwa imani tu. Hakuna aliyewahi kukiona, na mchumba ndiye wa mwisho aliyetakiwa kukiona.

Wiki iliyopita umeme ulikuwa umekatika. Kaza akainama mbele ya feni isiyo na kifuniko, anachomoa nyuzi za nywele za bandia zilizonasa. Umeme ukarudi. Feni ikala wigi. Na sekunde hiyo hiyo mlango wa saluni ukafunguka.

Aliyeufungua alikuwa Shangazi.

Nasema hivi: Kaza ana mapungufu yake, lakini uzito si mmojawapo. Begi la Shangazi halijavuka kizingiti, yeye kashachomoa taulo kwenye kamba na kulizungusha kichwani. Feni ikalia kra-kra-kra, ikakwama, wigi likaning'inia pale kama paka aliyechoka na dunia.

"Hodi hapa," alisema Shangazi, akiwa ameshaingia.

Alikuwa mama mfupi, mwavuli mkononi, nywele zote mvi, nyingi, zimefungwa nyuma kwa kitambaa. Akatazama feni. Akaitazama tena.

"Hicho nini?"

"Cha kufukuzia nzi," likajibu kiti.

Kwenye kiti alikuwa amekaa Mama Pacha, mteja wa siku zote, mama wa mabinti wawili waliozaliwa siku moja. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umeshasukwa na Kaza, upande wa kushoto bado. Kwa hiyo nyusi ya kulia ilikuwa imevutwa juu kabisa na ya kushoto imekaa mahali pake, na ukimtazama hukujua kama ameshtuka au amechoka.

Nikudokeze kitu kingine. Kaza na Mama Pacha walikuwa na kakinyongo kadogo. Rafuni palikuwa na kopo kubwa la mafuta ya kuotesha nywele, likapotea, na Kaza akamtazama Mama Pacha kwa jicho fulani. Hakusema neno. Jicho lenyewe lilitosha.

"Namtafuta Kaza," alisema Shangazi. "Mimi ni shangazi wa yule kinyozi wa hapo ng'ambo. Nimekuja kumwona mkwe."

Hapo mtu mwenye akili angesema shikamoo, karibu, ndimi. Kaza akili anayo, ila kwa wakati ule ilikuwa bado inazunguka na wigi.

"Kaza huyo hapo," alisema, akimwonyesha Mama Pacha. "Mimi mteja tu."

"Mimi?" alisema Mama Pacha.

"Ndiyo, wewe. Si ulikuwa unajiandaa kunisuka?"

Mdomo ulisema hivyo. Macho yalikuwa yakisema: niokoe, nami nitakusuka bure mwaka mzima. Mama Pacha analea watoto wawili wanaotaka kila kitu kwa wakati mmoja, na neno bure hulisoma hata likiwa kwenye macho. Akainuka kitini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kichwa nusu?"

"Mganga hajigangi."

Shangazi akacheka. Akamsogelea, akamkagua kutoka kidevuni kwenda juu. "Picha aliyonitumia yule kijana haina maana. Nywele zimekufunika uso mzima, nikaona pua tu. Na pua yenyewe naona imenenepa."

"Ni hewa ya huku," alisema Mama Pacha.

Kaza alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, taulo limemshuka mpaka kwenye kope, anaomba kikongwe aage aende. Kikongwe akafanya kinyume. Akaweka begi chini, akafungua kitambaa, akakaa kwenye kiti cha kusukia.

"Nisuke."

"Nikusuke?"

"Sikuja kunywa chai. Maneno kila mtu anayo, na wewe naona unayo ya kutosha. Mimi mtu namjua kwa mkono. Nisuke, nikusikie. Jumamosi watakaponiuliza, nijue la kusema."

Mama Pacha alimtazama Kaza. Kaza aliitazama sakafu. Katika maisha yake yote Mama Pacha hajawahi kumsuka mtu mzima. Vichwa anavyovijua ni viwili, vya mapacha wake, kila asubuhi kabla ya shule. Na hao zamani walikuwa wakipiga mayowe mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini, hadi mama mtu alipojifunza kwenda taratibu.

Basi akafanya anachokijua.

Akaziosha nywele za Shangazi kwa maji ya uvuguvugu. Akachukua chanuo la meno mapana, nywele zikiwa bado zina maji, akaanzia kwenye ncha.

"Khm!" alikohoa Kaza kutoka kwenye benchi. "Nasikia wasusi wengine huanzia kwenye mzizi. Na kitana chembamba."

"Wewe mteja, tulia," alisema Shangazi. "Kila mtu na fundi wake."

Mama Pacha akashika kila fungu kwa mkono mmoja karibu na ngozi, ili chanuo likivuta, livute mkono wake na si kichwa cha mwenyewe. Fundo likikataa, hakuligombeza. Alilifungua kwa vidole. Akamwaga matone ya mafuta kiganjani, akayapasha moto kwa kusugua, akayapaka. Halafu akasuka misuko minene, iliyolegea, ya kulalia.

Kaza aliteseka. Kwa macho ya mtu wa kazi yake, ile haikuwa kusuka hata kidogo, ilikuwa kumbembeleza mtu. Mistari imekwenda kombo. Upepo ungeifumua! Alivikalia viganja vyake ili visiinuke vikaenda kurekebisha.

Mara wakasikia kitu ambacho hakijawahi kusikika katika saluni ile tangu ifunguliwe. Mteja alikuwa akikoroma.

"Kalala," alinong'ona Mama Pacha.

"Kazimia," alinong'ona Kaza. "Mguse."

Kabla hajaguswa, Shangazi akaongea. Macho yamefumba, kidevu kimeangukia kifuani, na maneno yanatoka taratibu.

"Kofia... Mwambieni asivue kofia. Binti wa watu atakimbia."

Wanawake wawili wakatazamana.

"Kofia gani?" aliuliza Kaza.

"Sijui. Lakini wangu ndivyo walivyo," alisema Mama Pacha kwa sauti ya chini. "Nikiwachana wakasinzia, wanataja wenyewe aliyekula sukari. Kichwa kikitulia mdomo unajifungua. Na hawajawahi kusema uongo usingizini, hata siku moja."

Shangazi akashtuka, akafuta mdomo, akakaa sawa.

"Nimelala?"

"Kidogo, shangazi."

Kikongwe akajishika kichwa, akagusa misuko mmoja mmoja. Alipoongea, sauti yake ilikuwa imepungua ukali.

"Mimi tangu mtoto kusukwa kwangu ni kulia. Mama alinibana magotini, nikalia. Dada zangu, nikalia. Nikawa mtu mzima nikalia kimyakimya. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kanishika kichwa nikalala. Jumamosi sina swali. Mkwe nimempata."

Akamkumbatia Mama Pacha. Mama Pacha akamtazama Kaza juu ya bega la Shangazi, nyusi moja juu, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu kwa tiketi ya jirani.

Je, mambo yameishia hapo? Thubutu.

"Na wewe, binti," alisema Shangazi, akigeukia benchi. "Tangu nimeingia umelishikilia hilo taulo. Unaumwa?"

"Hapana, shangazi. Baridi tu."

"Baridi gani na feni imekufa?"

Na kwa wepesi usiotarajiwa kwa mtu wa umri wake, akanyoosha kidole na kuinua ukingo wa taulo. Kidogo tu, pale mbele. Lakini pale mbele ndipo palipokuwa na mambo yote.

Shangazi akainama karibu.

"Nani kakufanyia hivi?"

Kaza akashusha macho. "Msusi."

"Msusi gani?"

"Yupo mmoja. Wa mtaani hapa hapa."

"Hana macho?"

"Anayo."

"Hana huruma?"

Hilo lilimchelewesha Kaza. "Alidhani ananipendezesha," alisema mwishowe. "Kila ziliponikatika, akakaza zaidi zilizobaki. Na mimi nilimwamini, shangazi. Nilimwona fundi kuliko mafundi wote."

Mama Pacha akapatwa na kikohozi kibaya sana, akaenda kukimalizia kwenye sinki.

"Nipeleke kwake!" Shangazi akanyakua mwavuli. "Twende sasa hivi. Mtu anakuvuta ngozi mpaka inalia, halafu anajiita fundi? Nitamvuta yeye, ajue!"

"Ameshajuta, shangazi. Naomba umwache."

"Umejuaje kama amejuta?"

"Namwona usoni."

Shangazi akaushusha mwavuli. Akalirudisha taulo nyuma taratibu, akaweka ncha ya kidole kwenye ngozi tupu juu ya sikio la Kaza, akakizungusha kidogo.

"Hapa pazima," alisema. "Ngozi haijafa. Naona na vinyweleo, hivi hapa, vinataka kutoka, tatizo hamvipi nafasi. Acha gundi. Acha hizo dawa za kuunguza. Osha, paka mafuta kidogo, usiku funga kitambaa laini, asubuhi usifunge kitu chochote kinachokunyima kufumba macho. Na unywe maji, midomo imekupasuka. Zikirudi, vizuri. Zisiporudi zote, una kichwa kizuri, mwanangu. Kichwa cha namna hii hakifichwi chini ya taulo."

Kwa miaka mingi mahali pale hapakuguswa na kitu isipokuwa brashi ya gundi. Kaza aliona haya hadi masikio yakawaka, na wakati huo huo akajisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Machozi yakamlengalenga.

Mlango ukasukumwa kwa kishindo, na Kaza akalivuta taulo mbele haraka.

"Shangazi!"

Ni Kinyozi, kofia kichwani, mashine ya kunyolea mkononi. Ng'ambo ya barabara, mlangoni kwake, alisimama mzee aliyenyolewa nusu, shuka la kunyolea bado liko shingoni, ananung'unika.

"Shangazi, si ulisema Ijumaa?"

"Ningesema leo, mngefagia. Njoo hapa. Mwanangu, umechagua. Nakwambia umechagua! Huyu mkwe mimi namchukua hata leo." Na akamvuta Mama Pacha kifuani kwa mara ya pili.

Kinyozi akamtazama Mama Pacha. Akatazama feni. Akatazama taulo.

"Shangazi, huyo ni mke wa mtu."

"Nini?"

"Ana mume. Ana na mapacha."

Shangazi akamwachia Mama Pacha polepole. "Mapacha wa nani?"

"Wa mume wangu," alisema Mama Pacha kwa sauti ndogo.

"Sasa Kaza ni nani hapa?"

Msomaji, mlango wa uani ulikuwa wazi. Mama Pacha, ambaye nimeanza kumpenda, akaongeza msaada: "Kaza katoka kidogo. Anarudi sasa hivi." Wigi lilikuwa pale pale kwenye feni, hatua chache tu. Mtu angeweza kulichomoa, akapita uani, akazunguka, akaingia kwa mlango wa mbele na nywele hadi kiunoni, akasema habari zenu. Mimi ningefanya hivyo. Sijifichi.

Kaza alisimama, akavua taulo.

"Ni mimi," alisema. "Na yule msusi uliyetaka kumpiga na mwavuli, ni mimi huyo huyo."

Kinyozi akakiona kichwa. Akaliona paji lisilo na mpaka, akakiona na kichaka cha katikati. Mdomo ukamfunguka. Mikono yake yote miwili ikapanda kichwani, ikaishika kofia, ikaivuta chini hadi kwenye nyusi. Kisha akageuka akatoka mbio. Walimwona akivuka barabara, akampita yule mzee wa nusu kichwa, akaingia dukani kwake na kufunga mlango.

Kaza alibaki amesimama na taulo mkononi. Hakulia. Alikunja lile taulo mara mbili, akaliweka juu ya meza, akalikunjua tena.

"Kaa chini," alisema Mama Pacha.

"Asikae," alisema Shangazi. Alikuwa amerudi kitini na anafumua misuko aliyosukwa na Mama Pacha kwa mikono yake mwenyewe, uso umekunjamana. "Kichwa chako nimekiona, sina neno nacho. Kilichoniudhi ni uongo. Umenikalisha hapa nimekumbatia mke wa mtu mara mbili! Aliyenilaza si mkwe. Sasa mkwe anilaze."

"Lakini kaondoka, shangazi. Umemwona."

"Huyo niachie mimi. Wewe sikiliza. Ukinisuka nikalala, Jumamosi nasema ndiyo. Ukinivuta ukanitoa chozi, hata moja, nafunga begi, na hakuna atakayenirudisha. Suka."

Kaza akashika kitana chembamba. Mama Pacha akamnyang'anya, akampa chanuo.

Fungu la kwanza, Shangazi akaruka. "Aa!"

"Samahani, shangazi. Mkono umezoea."

"Uzoeshe upya."

Fungu la pili kidole kidogo cha Kaza kikajipinda chenyewe, kile cha kukazia, kilichomjengea jina. Akakirudisha. Kikajipinda tena. Mama Pacha akakishika, akakinyoosha, akasimama hapo akikilinda.

"Usishindane nazo," alinong'ona. "Jifanye ni kichwa cha mtoto, asiyejua kosa lake."

Kaza hakuwa na mtoto. Alichokuwa nacho ni ile ncha ya kidole juu ya sikio lake, muda mfupi uliopita. Akakumbuka ilivyozunguka, bila haraka na bila kulaumu. Akaweka kidole chake kwenye kichwa cha Shangazi akafanya vilevile.

Halafu akaanza kulia, kimya, kwa ajili ya yule aliyevuka barabara. Na hapo ndipo kazi ilipokaa sawa, kwa sababu mtu anayelia hana nguvu za kuvuta. Fungu likaja juu ya fungu. Msuko wa kwanza ukalala, wa pili ukaufuata. Ilikuwa mistari iliyonyooka, maana fundi ni fundi, lakini yenye nafasi ya kupumua.

Kidevu cha Shangazi kikashuka. Kikapanda. Kikashuka kikabaki huko.

Khrrrr.

Mama Pacha alirukaruka mahali alipo bila kutoa sauti, huku nyusi yake ya kulia ikiruka peke yake. "Kalala! Kaza, umemlaza!"

"Nimelaza shangazi wa mtu aliyenikimbia," alisema Kaza, akifuta pua kwa kiwiko.

"Sikukukimbia wewe."

Sauti ilitoka mlangoni. Kinyozi alikuwa amesimama pale, kofia mkononi.

Mkononi, msomaji! Pembeni mwa kichwa chake nywele zilikuwa zimechongwa kwa ustadi, mstari safi kutoka sikio hadi sikio. Juu ya mstari huo hapakuwa na kitu kabisa. Palikuwa peupe, panang'aa kama sahani iliyooshwa.

"Nimesimama mbele ya kioo muda wote huo natafuta ujasiri wa kuivua," alisema. "Wewe umevua taulo mbele za watu. Mimi kofia tu ilinishinda. Kinyozi mwenye kipara, nani atamkalia kitini? Nani atamkubali? Nilikiona kichwa chako nikakikimbia changu."

Kaza alivuta pumzi kusema jambo, lakini pua yake ikawahi. Kulikuwa na harufu. Aliijua ile harufu.

"Lile kopo langu la mafuta, la rafuni..."

"Ni mimi," alisema Kinyozi. "Nimelimaliza. Halikuotesha kitu."

"Na nikatazamwa mimi!" alisema Mama Pacha.

"Nisamehe, mwenzangu," alisema Kaza, na akacheka, cheko lililochanganyika na kilio, huku vidole vyake havijaachia msuko wa mwisho.

Kinyozi akasogea nyuma yake. Kwenye kioo vikaonekana vichwa vitatu: kimoja cha mvi kimelala, kimoja kitupu, kimoja kina kichaka. Akaweka kiganja kwenye paji la Kaza, taratibu, kama anavyowashika watoto wanaoogopa mashine.

"Hizi za katikati zimechoka," alisema. "Nikikunyoa fupi, zote zitaanza safari pamoja. Ukitaka lakini."

Kaza alijitazama. Alijitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kujitazama bila wigi, na safari hii hakutazama pembeni. "Nikimaliza msuko huu," alisema, "ninyoe. Na lile wigi libaki kwenye feni, lifukuze nzi."

Ningependa kuishia hapa. Hata mhariri wangu, asiyependa kitu, angependa niishie hapa. Kichwa kimekubaliwa, kipara kimekubaliwa, kopo limepata mwizi wake, na hukumu ya Jumamosi inakoroma.

Lakini Shangazi akatabasamu usingizini, akaanza kuongea.

"Kofia kaivua," alisema taratibu. "Vizuri. Binti hakukimbia."

Kaza na Kinyozi wakatazamana kwenye kioo kwa furaha.

"Sasa amebaki mkewe tu," aliendelea Shangazi. "Yule wa kwanza. Mwambieni asije Jumamosi, ataharibu."

Mkono wa Kinyozi ukatoka kwenye paji la Kaza. Ukapanda kichwani kwake kutafuta kofia ya kuvuta chini, ukakuta kipara.

"Anaota," alisema. "Shangazi huota ovyo."

"Wangu," alisema Mama Pacha polepole, akirudi nyuma kuelekea mlango wa uani, "hawajawahi kusema uongo usingizini."

Kaza alikuwa akimtazama Kinyozi kwenye kioo. Ila kile kidole kidogo, kilichofundishwa adabu kwa taabu kubwa mchana ule, kilijipinda chenyewe. Kikanasa msuko wa mwisho. Kikakaza.

Shangazi akafumbua macho kwa ukelele uliomfikia yule mzee wa nusu kichwa ng'ambo ya barabara. Nyusi zake zote mbili zilikuwa zimepanda juu na hazishuki, na kwenye kona ya jicho lake la kushoto chozi lilikuwa limejaa, linatetemeka, halijaamua kama lianguke.

Kaza aliliona. Alijua maana yake. Hakulegeza.

"Mke wa kwanza yupi, shangazi?"